Jina la Kila Mpigo: Funzo la Vitabu vya Kale vya Qin kwa Nyatiti na Litungu za Kibera na Kawangware

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka wa 1425, mwanamfalme wa Uchina aitwaye Zhu Quan alitoa mkusanyo wa muziki wa qin, ala ya nyuzi inayoheshimiwa mno katika utamaduni wa nchi hiyo. Mkusanyo huo, Shenqi Mipu, una tungo 64, na ndio mkusanyo mkubwa wa kale zaidi wa muziki wa qin uliochapishwa na ambao bado upo. Takribani karne sita baadaye, tungo hizo zingali zinapigwa. Kwa upande mwingine, mtoto wa Kiluo aliyezaliwa Kibera au mtoto wa Kibukusu aliyezaliwa Kawangware anaweza kufikia utu uzima bila kujua jinsi babu yake alivyouweka mkono juu ya nyuzi za nyatiti au litungu, ilhali ala hizo ziko hai na wapigaji wake wangalipo.

Makala hii inalinganisha hali hizo mbili kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba picha ya ala na sauti iliyorekodiwa havitoshi kuhifadhi muziki. Kunahitajika pia lugha inayotaja kila tendo la mkono wa mpigaji. Katika mitaa ambamo mwalimu na mwanafunzi aghalabu hawana lugha nyingine ya pamoja, lugha hiyo haina budi kuwa Kiswahili.

2.0 Qin na Maandishi Yake

Qin ni ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na uwazi ndani, ambao juu yake zimelazwa nyuzi 7. Kwa karne nyingi nyuzi hizo zilisokotwa kwa hariri. Kandokando ya uzi wa kwanza kuna alama 13 za duara zinazomwonyesha mpigaji mahali pa kuugusa uzi. Mkono wa kulia hutoa sauti. Wa kushoto hubana, huteleza au hugusa kwa wepesi ili kuibadilisha sauti hiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba maandishi ya qin hayaandiki sauti. Anayeyasoma haambiwi kwamba sauti fulani iko juu au chini, wala haambiwi idumu kwa muda gani. Anaambiwa la kutenda. Katika hati ya kale kabisa iliyosalia, ya utungo uitwao You Lan, iliyonakiliwa katika karne ya 7 na kuhifadhiwa nchini Japani, maelekezo hayo yameandikwa kwa sentensi kamili. Baadaye yalifupishwa, na vipande vya maneno vikaunganishwa kuwa alama moja. Alama moja ya namna hiyo, ikifasiriwa kwa Kiswahili, ingeweza kusomeka hivi: gumba la kushoto libane kwenye alama ya 9, kidole cha kati cha kulia kivute uzi wa 3 kuelekea ndani. Hayo yote hukaa katika nafasi ya herufi moja ya Kichina.

Mfumo huu uliwezekana kwa sababu kila tendo lilikwisha kupewa jina. Kwa mkono wa kulia peke yake kuna majina manane ya msingi: gumba, kidole cha shahada, cha kati na cha pete, kila kimoja kikiwa na jina la kuvuta ndani na jina la kusukuma nje. Kidole cha shahada kikivuta, tendo huitwa mo. Kikisukuma, huitwa tiao. Cha kati kikivuta, huitwa gou. Kikisukuma, huitwa ti. Mtu hawezi kufupisha neno ambalo hana. Msamiati ulitangulia, alama zikafuata.

Thamani ya kazi hiyo inadhihirika katika kisa cha utungo wa Guangling San. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 3, mshairi na mwanafalsafa Ji Kang, akiwa karibu kuuawa kwa amri ya watawala, aliomba qin yake, akaupiga utungo huo, kisha akasikitika kwamba ungepotea pamoja naye. Utungo wenye jina hilo umo katika mkusanyo wa Zhu Quan. Kufikia karne ya 20 ulikuwa umeacha kupigwa. Ndipo msanii Guan Pinghu, baada ya kuyachunguza maandishi kwa muda mrefu, alipoupiga upya katika miaka ya 1950. Kwa kuwa maandishi hayataji mapigo ya wakati, ilimbidi aitafute mwenyewe mwendo wake. Kazi hiyo ya kuufufua utungo kutoka kwenye maandishi ina jina lake pia, dapu, na huhesabiwa kuwa sehemu ya usanii. Mnamo 2003 UNESCO iliitangaza sanaa ya qin kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu, na mwaka wa 2008 ikaiingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika.

3.0 Picha za Mikono

Pamoja na mikusanyo ya tungo kulikuwa na vitabu vya mafunzo vyenye michoro. Kinachojulikana zaidi ni Taiyin Daquanji cha karne ya 15, ambacho kilikusanya pia maarifa ya enzi zilizotangulia. Humo mna michoro ya mikono. Kando ya kila mkono kuna mchoro wa kiumbe au mandhari, na maneno mafupi ya kuufafanua mfano huo. Korongo anacheza baada ya kushtuliwa na upepo. Kobe mtakatifu anaibuka majini. Vunjajungu ananyemelea nyenje. Mpigaji anapotakiwa auguse uzi kidogo tu ili utoe sauti nyembamba inayoelea, huonyeshwa kipepeo mweupe juu ya ua.

Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kwamba hii ni tashbihi. Hata hivyo, tashbihi hiyo haikuwekwa kuwa pambo. Mchoro wa mkono huonyesha vidole vimekaaje, lakini hauwezi kuonyesha uzito wala kasi. Kipepeo anaonyesha uzito. Vunjajungu anaonyesha kasi na subira. Kwa hiyo picha mbili na maneno machache vilifanya kazi ambayo hakuna hata kimoja kati yake kingeweza kuifanya peke yake.

4.0 Nyatiti na Litungu Mjini

Kibera ilianza kuwa makao ya askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake linatokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Baadaye watu wa jamii nyingine walihamia huko, wakiwemo Waluo na Waluhya kutoka magharibi mwa nchi. Vijiji vyake, kama vile Makina, Lindi, Kisumu Ndogo na Gatwekera, vinaitunza historia hiyo katika majina yao. Kawangware, katika eneo la Dagoretti, nayo ina wakazi wengi Waluhya wanaoishi bega kwa bega na Wakikuyu na jamii nyinginezo. Wahamiaji hawa walikuja mjini na nyimbo zao.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8 zinazotoka kwenye bakuli la mti lililowambwa ngozi, zikapanda hadi kwenye mti uliokingama juu ya mikono miwili ya fremu. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa ubavu mbele yake. Vidole vya mikono yote miwili hudonoa nyuzi. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga fremu. Kwenye kifundo cha mguu huvaliwa njuga ziitwazo gara. Mtu huyo huyo huimba. Wasikilizaji nao humkatiza kwa pakruok, yaani majigambo ya kujisifu na kuwasifu wapendwa wao, ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kukosa kuyalinganisha na vivugo. Litungu ya Wabukusu ni ya ukoo huo huo, ila ina nyuzi 7 na hupigwa ikiwa imeshikwa karibu na mwili.

Muziki huu haukubaki vijijini. Ayub Ogada, aliyeishi kati ya 1956 na 2019, aliifikisha nyatiti kwenye majukwaa ya dunia kwa albamu yake En Mana Kuoyo ya mwaka wa 1993. Wimbo wake Kothbiro ulitumiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka wa 2005, ambayo baadhi ya matukio yake yalipigwa picha papo hapo Kibera. Watazamaji wa mabara mengi waliisikia nyatiti huku wakiitazama Kibera. Lakini mtoto wa Kibera aliyetaka kujifunza ala hiyo hakuwa na kitabu cha Kiswahili cha kumwelekeza aanze na kidole kipi.

5.0 Kumbukumbu Zilizopo na Lugha Yake

Si kweli kwamba ala za Kenya hazikuwahi kuandikwa. Hugh Tracey alirekodi muziki wa jamii kadhaa nchini mwaka wa 1950 na 1952. Graham Hyslop alichapisha kitabu kuhusu ala za muziki za Kenya mwaka wa 1975. George Senoga-Zake alifuata na kitabu chake kuhusu muziki wa kiasili wa Kenya mwaka wa 1986. Washington Omondi aliiandikia ala ya Waluo tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1980. Hizi ni kazi adhimu.

Ni muhimu hata hivyo kuwatazama waandishi hao kwa pamoja. Hyslop, Senoga-Zake na Omondi, pamoja na Thomas Kalume na Peter Kibukosya, ndio waliounda jopo la kutayarisha wimbo wa taifa mwaka wa 1963. Walichukua lahani ya bembelezi ya Wapokomo, wakaipa maneno ya Kiswahili. Hyslop alikuwa pia mwandishi wa tamthilia za Kiswahili: Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu ni kazi zake. Kwa hivyo hapakukosekana mtu wa kukiweza Kiswahili. Hata hivyo, watu hao hao walipoketi kuandika juu ya ala, waliandika kwa Kiingereza. Kiswahili kilipewa wimbo, Kiingereza kikapewa maarifa ya wimbo. Mgawanyo huo ungalipo shuleni, ambako somo la muziki hufundishwa kwa Kiingereza, huku nje ya darasa ala zenyewe zikizungumziwa kwa lugha za mama, kwa Kiswahili na kwa Sheng.

6.0 Kinubi, Zeze au Nyatiti?

Mtu akitaka kuyaandika maarifa haya kwa Kiswahili, kikwazo cha kwanza ni majina ya ala zenyewe. Katika matumizi ya kawaida, maneno zeze, kinanda na kinubi huchanganywa kana kwamba yana maana moja. Nyatiti huitwa zeze leo, kesho ikaitwa gitaa la kienyeji.

Uainishaji wa ala uliotolewa na Hornbostel na Sachs mwaka wa 1914 unasaidia kuyatenganisha. Kuna ala ambazo nyuzi zake hulala sambamba na mwili wa ala, zikifuata urefu wake. Qin ni ya kundi hili. Enanga ya Wahaya na kanuni ya taarabu ya Unguja ni za kundi hilo pia. Zeze la pwani, lenye fimbo, kibuyu na uzi unaofuata fimbo hiyo, nalo limo humo. Kwa hiyo anayetaka kumweleza Mswahili qin ni nini, aanzie kwenye zeze na kanuni. Nyatiti na litungu ni za kundi jingine: nyuzi zake hutoka kwenye bakuli, zikapita hewani hadi kwenye mti uliokingama juu ya mikono miwili.

Kundi hili la pili lina jina la Kiswahili linalolifaa, nalo ni kinubi. Wasomaji wengi wakilisikia neno hilo huwaza ala kubwa ya Kizungu yenye nyuzi nyingi zilizosimama. Lakini Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa ala ya Daudi, na ala ya Daudi ilikuwa ya bakuli, mikono miwili na mti wa kukingama, jamaa ya nyatiti. Umbo la neno lenyewe linaelekeza huko huko: kiambishi ki- na shina -nubi, yaani kitu cha Kinubi. Ala za namna hii zinajulikana sana katika bonde la Nile, Nubia ikiwamo. Katika nchi za Ghuba, ngoma inayoambatana na ala ya jamii hiyo, tanbura, huitwa nuban. Waluo nao, kwa historia yao, walishuka kutoka bonde hilo hilo. Basi Kibera ni mahali ambapo neno kinubi linabeba maana mbili kwa wakati mmoja: lugha ya wakazi wake wa kwanza, na ala ya majirani wao. Hakuna haja ya kudai kwamba askari wa Kinubi ndio walioleta ala hiyo. Yatosha kutambua kwamba Kiswahili kiliihifadhi asili hiyo katika neno moja, nasi tukaisahau.

Pendekezo la makala hii ni kwamba kinubi kitumike kuwa jina la jumla la kundi, na nyatiti, litungu na obokano ya Wagusii yabaki kuwa majina mahususi. Majina hayo yaingie katika kamusi jinsi yalivyo. Nyatiti haileti shida ya kisarufi: nyatiti hii, nyatiti hizi. Litungu inahitaji mjadala. Katika Lubukusu, li- ni kiambishi cha umoja ambacho katika wingi hubadilika kuwa kama-. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuvutwa aseme litungu hili kwa kufuata umbo, lakini akifika kwenye wingi atakwama, kwa maana tungu na matungu yatalipoteza neno lenyewe. Ni salama zaidi kulipokea shina pamoja na kiambishi chake na kuliweka katika ngeli ya I-ZI, kama maneno mengi ya mkopo.

7.0 Kuelekea Istilahi za Mkono

Kikwazo cha pili ni kitenzi. Kiswahili hupiga ngoma, hupiga filimbi, hupiga gitaa na hupiga nyatiti. Pale ambapo Kichina kina majina manane kwa mkono mmoja, Kiswahili husema kupiga, kikanyamaza. Huo si umaskini wa lugha. Wapenzi wa muziki wa dansi husema kucharaza na kukung'uta gitaa, kinanda hupapaswa. Vitenzi vipo, ila havijagawiwa kazi. Mfano wa mgawanyo ni huu ufuatao:

Kudonoa: ncha ya kidole kimoja kutoa sauti kwenye uzi mmoja.
Kucharaza: kidole kupita juu ya nyuzi kadhaa mfululizo.
Kuzima: kuugusa uzi ili sauti yake ikome.
Kugonga: pete ya mguuni kupiga fremu.
Kutikisa: mguu kuzilia njuga.

Kwa sehemu za ala, lugha ya wajenzi inaweza kuazimwa: mti uliokingama juu huweza kuitwa mtambaapanya, kama ule wa nyumba. Istilahi hizi zinahitaji kujaribiwa mbele ya wapigaji, ambao huenda wana bora zaidi.

Hapa lazima itolewe tahadhari. Mfumo wa Kichina hauwezi kunakiliwa ulivyo. Maandishi ya qin yaliacha mapigo ya wakati kwa sababu mapokeo yake yalimwamini msanii ayatafute. Nyatiti haiwezi kuyaacha, kwani moyo wake uko katika mvutano baina ya vidole na pete ya mguuni. Maandishi ya nyatiti yatakayotaja nyuzi na kuusahau mguu yatakuwa yameandika nusu ya ala. Vilevile, qin ilipigwa mara nyingi kwa faragha, mbele ya rafiki mmoja au wawili. Nyatiti huhitaji wasikilizaji wanaokatiza. Nafasi ya pakruok nayo sharti ionyeshwe.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kuieleza nyatiti kwa Kiswahili ni kuiondoa mikononi mwa Dholuo, na litungu mikononi mwa Lubukusu. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa maneno ya nyimbo hayatenganishwi na lugha zake. Lakini yapasa kuzingatiwa ni nani anayefundishwa. Darasa la watoto kumi Kawangware linaweza kuwa na lugha za mama nne au tano. Mwalimu anayejua Lubukusu pekee atawafikia wachache. Akieleza kwa Kiswahili huku akitunza majina ya asili, watoto wote watajifunza pia kwamba neno oduong'o ni la Kiluo na kwamba lina maana mahususi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 yenyewe, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na wakati huo huo inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Mambo hayo mawili hayapingani katika darasa la namna hii.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba vitabu vya kale vya qin vilifaulu kwa kuwa viliegemea msamiati uliotaja kila tendo la mkono, na kwamba michoro na tashbihi vilikamilisha kile ambacho maneno matupu hayakuweza. Imeonyesha pia kwamba Kenya ina picha, sauti na tasnifu kuhusu nyatiti na litungu, ila haina maelezo ya Kiswahili ya jinsi ya kuzipiga.

Kazi hii iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wa Kiswahili. Wanachama wawili, mmoja akiwa na daftari na mwingine akichora, wanaweza kuketi na mpigaji mmoja kwa alasiri kadhaa, wakamwomba apige polepole, ataje kila tendo kwa lugha yake, kisha wajadiliane naye neno la Kiswahili linalofaa. Wamuulize pia mpigo huo unafanana na nini: ndege gani, mnyama gani, mwendo gani. Wapate idhini yake na jina lake litajwe apendavyo, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka wa 2016 inaitambua haki ya jamii juu ya urithi huo. Matokeo ya mpigaji wa kwanza yalinganishwe na ya wa pili na wa tatu kabla ya istilahi yoyote kupendekezwa kwa watunga kamusi. Ukurasa wa kwanza utakaopatikana kwa njia hiyo, wenye mchoro wa mkono mmoja, jina la mpigo mmoja na tashbihi moja, utatosha kumwanzisha mtoto wa Kibera au wa Kawangware, hata siku mwalimu wake asipokuwepo.